Nintendo Switch Haiwaki au Imeganda: Mwongozo Kamili wa Kuifufua Hatua kwa Hatua

Maswali ninayoletewa kuhusu Switch (kifaa cha kuchezea gemu cha Nintendo) iliyozima karibu yote yanafanana, na makosa yaliyofanyika kabla ya swali kuulizwa yanafanana vilevile. Mtu amechomeka chaja ya simu kwa dakika kumi, amebonyeza kitufe cha kuwashia mara tatu au nne, hakuona kitu, akaamua kwamba betri imekufa na kukipeleka kifaa kikafunguliwe. Mwingine kifaa chake kimeganda katikati ya gemu, akakimbilia kufuta kila kitu, na mtoto akapoteza kazi ya miaka miwili. Hatua zilizo hapa zimepangwa kwa kusudi moja: tunaanza na yale yasiyoweza kuharibu chochote, na tunayaacha mwisho yale yasiyoweza kurudishwa nyuma. Tafadhali usiruke hatua, hata ile inayoonekana ndogo.

Maelezo yanahusu Switch ya kawaida ya 2017, Switch Lite ya 2019 na ile yenye kioo cha OLED ya 2021. Switch 2 iliyotoka 2025 inatumia chaja, betri na aina ya kadi tofauti, kwa hiyo usiitengeneze kwa vipimo vya hapa.

## Vitu vya kuandaa

- Chaja ya asili ya Switch. Imeandikwa HAC-002, na kwenye maandishi yake madogo utaona kwamba inatoa volti 5 kwa ampea 1.5 au volti 15 kwa ampea 2.6. Inapokea umeme wa volti 100 hadi 240, kwa hiyo hata iliyonunuliwa Japani au Marekani haihitaji transfoma. Inahitaji adapta ya plagi tu.
- Soketi ya ukutani ambayo umeijaribu kwa kifaa kingine na ukahakikisha kwamba ni nzima.
- Tochi, kijiti cha meno cha mbao, na brashi ndogo laini iliyo kavu kabisa.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kupaka kidonda ina maji mengi mno kwa kazi hii.
- Ikiwezekana, mita ndogo ya USB-C inayochomekwa kati ya chaja na kifaa na kuonyesha volti na ampea.
- Kwa atakayefika Hatua ya 11 pekee: bisibisi ya ncha tatu namba Y00, bisibisi ya msalaba namba 00, na kijiti cha plastiki cha kufungulia simu.

Kama huna chaja ya asili, azima. Ninalisema hili mapema kwa sababu nusu ya kazi iliyo mbele haiwezi kukupa jibu la kweli bila chaja hiyo.

## Sehemu ya kwanza: Switch isiyowaka

### Hatua ya 1: Itazame kabla ya kuigusisha umeme

Ilaze juu ya meza iliyonyooka, kioo kikiangalia juu, kisha uinamishe macho usawa wa meza. Je, mgongo umetuna? Je, kioo kimeinuka upande mmoja na kuacha mwanya? Dalili hizo ni za betri iliyovimba.

Onyo: betri iliyovimba haichajiwi, haibonyezwi wala haitobolewi ili itoe hewa. Betri ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto papo hapo. Kipeleke kifaa mahali pasipo na vitu vya kuungua, kisha nenda moja kwa moja Hatua ya 12.

Kama kilimwagikiwa soda au kilianguka majini, usichomeke chaja hata kama kimekauka kwa nje. Maji ya bahari ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa chumvi yake hubaki kwenye saketi na kuendelea kula shaba baada ya maji kukauka. Kukifukia ndani ya mchele hakuondoi chumvi hiyo. Kinatakiwa kufunguliwa, kiunganishi cha betri kichomolewe, na saketi isafishwe kwa isopropili.

### Hatua ya 2: Kizime kwa nguvu, kisha ukiwashe

Kioo cheusi si ushahidi kwamba kifaa kimezima. Mara nyingi programu imeganda wakati kifaa kikiwa usingizini, na kubonyeza kitufe kwa muda mfupi hakusaidii, maana ubonyezo mfupi ni ombi linalopelekwa kwenye programu ileile iliyoganda. Ubonyezo mrefu huikata programu hiyo bila kuiuliza.

Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 kamili bila kuachia. Tumia saa. Nimewatazama watu wengi wakifanya jambo hili, na wanaohesabu kichwani huachia kwenye sekunde ya saba au ya nane wakiamini kwamba wamemaliza. Ukiachia, subiri sekunde chache, kisha bonyeza mara moja.

Ukifanikiwa: nembo ya Nintendo itatokea. Kilichopotea ni yale tu uliyocheza baada ya kuhifadhi mara ya mwisho. Kama tatizo lako lilikuwa kuganda, na limetokea mara hii moja tu, kazi imekwisha; likijirudia, nenda Sehemu ya pili.

### Hatua ya 3: Chunguza tundu la chaji

Chomoa kila kitu, kisha umulike tochi ndani ya tundu la USB-C. Katikati utaona ulimi mwembamba, na juu yake mistari midogo ya shaba. Ulimi huo unapaswa kuwa umesimama katikati, haujapinda, na mistari iwe safi. Kwa kifaa kinachobebwa kwenye mkoba au mfukoni, utakuta nyuzi za nguo na vumbi vimegandamizwa mwisho wa tundu kiasi kwamba plagi haifiki ndani.

Vuta uchafu kwa kijiti cha meno, taratibu, ukipita pembezoni bila kuuegemea ulimi. Usitumie pini wala sindano, kwa sababu chuma kinaweza kuunganisha mistari miwili na kuunguza chipu ya chaji. Kama kuna kutu ya kijani au weupe wa chumvi, jambo la kawaida kwa vifaa vinavyokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar, lowesha brashi kidogo kwa isopropili, sugua kwa upole, kisha uache ikauke kwa nusu saa.

Ukifanikiwa: plagi inaingia hadi mwisho, inashika, na haichezicheza.

### Hatua ya 4: Irejeshe chaja kwenye hali yake ya kawaida

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nayo ndiyo iliyofufua Switch nyingi kuliko zote nilizopata kuzishika.

Chaja ya Switch ina kinga ndani yake. Umeme ukipanda ghafla au ukirudi kwa kishindo baada ya kukatika, kinga hiyo hujifunga na chaja huacha kutoa umeme. Haifunguki kwa kuiacha imechomekwa. Inafunguka kwa kunyimwa umeme pande zote mbili.

1. Chomoa chaja ukutani na kwenye kifaa.
2. Subiri angalau sekunde 30. Mimi husubiri dakika mbili.
3. Ichomeke moja kwa moja ukutani. Usipitie ekstensheni, stabilaiza wala kitako cha televisheni (dock, kile kinachounganisha kifaa na televisheni).
4. Chomeka ncha nyingine kwenye kifaa chenyewe.

Mpwa wangu wa Tanga aliniletea yake akiwa karibu kulia. “Mjomba, imekufa,” akasema, “nimeichaji siku mbili.” Kweli aliichaji siku mbili, ila kwenye ekstensheni iliyokuwa imebeba friji, siku moja baada ya umeme kukatika na kurudi mara kadhaa usiku. Tuliichomoa pande zote, tukanywa chai, tukaichomeka ukutani. Kwa dakika za mwanzo hakukuwa na kitu, naye akaanza kuvaa viatu aondoke. Kisha ile picha ndogo ya betri tupu ikajitokeza kwenye kioo, na hakuondoka tena mpaka usiku.

### Hatua ya 5: Ichaji kwa saa nyingi, bila kuijaribujaribu

Switch iliyokaa kabatini kwa miezi betri yake hushuka hadi kiwango ambacho saketi ya chaji haithubutu kuilisha kwa kasi. Chini ya volti 3 hivi, saketi huipa mkondo mdogo sana mpaka ipande, ndipo chaji ya kawaida ianze. Katika kipindi hicho kioo hakionyeshi chochote, na kila ukibonyeza kitufe unaiba kile kidogo kilichokwisha kuingia.

Kwa hiyo, chomeka chaja ya asili, weka kifaa mahali penye hewa, na ukiache usiku kucha. Betri nzima hujaa kwa takriban saa tatu kifaa kikiwa kimelala, lakini iliyoshuka sana inahitaji muda zaidi ya huo kabla hata ya kuanza. Chaja ya simu inayotoa volti 5 tu inaweza kuifikisha, lakini kwa mwendo wa kobe, na ndiyo sababu wengi hukata tamaa wakiwa wamekaribia.

Kama una mita ya USB-C, hapa ndipo inapokuwa na faida kubwa. Switch yenye afya ikichomekwa chaja ya asili huanza na volti 5, kisha namba hurukia volti 15, kwa sababu chaja na kifaa vimezungumza na kukubaliana. Ikibaki kwenye volti 5 na ampea zikasoma sifuri kwa saa nzima, mazungumzo hayo hayafanyiki. Jaribu chaja nyingine ya asili. Ikisoma vilevile, tatizo limo ndani ya kifaa, na mshukiwa wa kwanza ni chipu ya M92T36 inayosimamia tundu la USB-C. Andika namba hiyo, utaihitaji kwa fundi.

Ukifanikiwa: picha ya betri itatokea, na baada ya saa chache kifaa kitawaka. Kuanzia hapo kichaji angalau mara moja kila miezi sita hata kama hakichezwi. Betri ikiachwa tupu kwa muda mrefu inaweza kukataa chaji moja kwa moja.

### Hatua ya 6: Hakikisha kwamba si kioo peke yake

Kipachike kifaa kwenye kitako chake cha televisheni, kilichounganishwa na chaja ya asili na waya wa HDMI. Picha ikitokea kwenye televisheni, kifaa chako ni kizima na kilichokufa ni kioo, mkanda wake au taa yake ya nyuma. Ni matengenezo tofauti kabisa, na ya uhakika zaidi.

Switch Lite haitoi picha kwenye televisheni. Kwa hiyo bonyeza kuwasha, kisha usogeze sikio kwenye matundu ya juu. Ukisikia feni, au ukiona kivuli cha picha unapomulika kioo kwa tochi kwa pembeni gizani, jibu ni lilelile.

## Sehemu ya pili: Switch inayoganda

### Hatua ya 7: Iendeshe bila kadi

Kadi ya kumbukumbu ndiyo chanzo cha kwanza cha kushuku, hasa iliyonunuliwa kwa bei isiyoaminika. Kadi bandia huonyesha gigabaiti 512 wakati ndani ina 32, na gemu inapofika sehemu ambayo haikuandikwa popote, kifaa huganda.

Zima kifaa kabisa, kukilaza hakutoshi. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde tatu na uchague kuzima. Toa kadi ya microSD (kwenye Switch ya kawaida na ya OLED iko chini ya mguu wa kusimamishia), toa na kaseti ya gemu, kisha uwashe na ucheze gemu iliyo kwenye kumbukumbu ya ndani kwa saa moja.

Wengi wanaogopa kuitoa kadi wakidhani maendeleo yao ya gemu yamo humo. Hayamo. Switch huhifadhi maendeleo kwenye kumbukumbu ya ndani daima. Kadi hubeba gemu zenyewe, picha na video tu.

Isipoganda, umempata mkosaji. Nakili picha zako kwenye kompyuta, ifomati kadi ndani ya Switch, kisha upakue gemu upya. Ikianza tena, nunua kadi nyingine. Ukifomati kwenye kompyuta, chagua mpangilio wa FAT32 badala ya exFAT, ambayo huharibika kwa urahisi zaidi kifaa kinapozimika ghafla.

### Hatua ya 8: Pima joto

Switch imetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa ya nyuzi 5 hadi 35. Dar es Salaam mwezi Februari hewa ya mchana huwa karibu na mpaka huo kabla kifaa hakijawashwa. Hewa huingia mgongoni na kutokea kwenye matundu ya juu, kwa hiyo kifaa kilicholazwa juu ya godoro hakipumui.

Cheza kikiwa juu ya meza mbele ya feni. Kama kuganda kumekoma, safisha matundu kwa brashi kavu, na usikiache ndani ya gari wala dirishani. Kama feni haisikiki kabisa wakati kifaa kina moto mkali, feni yenyewe inahitaji kubadilishwa.

### Hatua ya 9: Kama inaganda kwenye gemu moja tu

Ingia kwenye mipangilio ya kifaa, sehemu ya usimamizi wa data, ichague gemu hiyo, na uamuru ikaguliwe kama data yake imeharibika. Ikiwa imeharibika, ifute na uipakue upya. Kufuta gemu hakufuti maendeleo yake, ilimradi usiguse sehemu ya pekee inayofuta data iliyohifadhiwa. Kwa kaseti, pangusa mistari yake ya dhahabu kwa kitambaa kikavu na uijaribu kwenye Switch nyingine.

## Sehemu ya tatu: Hatua nzito

### Hatua ya 10: Hali ya matengenezo

Tumia hatua hii kifaa kinapoonyesha nembo kisha kinakwama hapo. Kichaji kwanza, maana kuzimika katikati ya kazi hii kunaweza kuharibu mfumo mzima.

1. Kizime kwa nguvu kama Hatua ya 2.
2. Shikilia vitufe vyote viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza.
3. Ukiwa umevishikilia, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja. Usiachie vya sauti mpaka ukurasa wa matengenezo utokee.

Anza na kusasisha mfumo. Ikishindikana, chagua pale palipoandikwa “Initialize Console Without Deleting Save Data”. Chaguo hilo hufuta gemu zilizopakuliwa na kuweka mfumo upya, lakini huacha maendeleo na akaunti za wachezaji.

Onyo: karibu nalo lipo chaguo linalofanana, bila yale maneno manne ya mwisho. Hilo hufuta kila kitu. Soma mstari mzima, kisha usome tena kabla ya kubonyeza. Usitegemee nakala za mtandaoni kukuokoa, kwa kuwa zinahitaji usajili wa kulipia na baadhi ya gemu hazikubali kuhifadhiwa huko.

### Hatua ya 11: Kuchomoa kiunganishi cha betri kwa dakika moja

Iwapo kifaa hakisikii kitufe kabisa na chaja imethibitishwa kuwa nzima, kuondoa kiunganishi cha betri huondoa umeme wote uliobaki kwenye saketi, na wakati mwingine hilo pekee hutosha. Fanya kazi hii ikiwa tu mkono wako umezoea kufungua simu. Maelezo yafuatayo ni ya Switch ya kawaida.

Toa kadi ya microSD na kaseti kwanza, kisha vua Joy-Con, yaani vidhibiti vya pembeni. Fungua skurubu nne za ncha tatu mgongoni, na zile ndogo za msalaba zilizo pembezoni, juu, chini na kwenye nafasi ya kadi. Skurubu hizi ni laini; gandamiza kwa nguvu huku ukizungusha taratibu, na ikianza kuteleza simama, usije ukakiharibu kichwa chake. Zipange juu ya karatasi kwa mpangilio wa mahali zilipotoka, kwa kuwa urefu wake unatofautiana.

Ondoa kisomaji cha kadi, kisha bati la kinga. Baina ya bati na bomba la shaba la kupozea utakuta dawa nzito ya joto; usiifute bila kuwa na nyingine ya kuirudishia. Tafuta kiunganishi cha betri na ukinyanyue wima kwa kijiti cha plastiki. Usivute waya, na usiibandue betri yenyewe kwenye gundi yake. Subiri dakika moja, rudisha kiunganishi mpaka uhisi kimeshika, chomeka chaja, na utazame kioo kabla ya kufunga skurubu zote.

### Hatua ya 12: Nini cha kumwambia fundi

Mpe fundi majibu uliyokwisha kuyapata: mita imesoma nini, televisheni imeonyesha picha au la, kifaa kilianguka au kilipigwa na umeme lini. Kioo kikibaki na rangi ya buluu tupu, hasa baada ya kuanguka au kukunjwa, mara nyingi risasi ya kulehemu (solda) iliyo chini ya prosesa imeachia. Kikiwa rangi ya chungwa, mara nyingi hitilafu iko upande wa chipu ya Wi-Fi. Hizo ni kazi za hadubini na mashine ya hewa ya moto, wala si za bisibisi.

Muulize swali moja kabla ya kumwachia kifaa: amewahi kubadilisha chipu ya M92T36? Anayeijua ataitambua kwa jina na kukueleza namna anavyoipima. Asiyeijua ataanza kupasha moto ubao wa saketi akibahatisha, na kwa kuwa maendeleo yote ya gemu yamo kwenye kumbukumbu ya ndani, ubao ukiungua nayo yamekwenda. Mwambie wazi kwamba unataka aokoe data kabla ya jambo lolote, na mkubaliane kwamba hatafuta wala kubadilisha kumbukumbu hiyo bila kukupigia simu.